Chakula cha samaki cha kutengeneza nyumbani: kuchanganya, kukausha na kugandisha katika baridi ya Lukozi

Wafugaji wengi wa samaki huku milimani wana mazoea yanayofanana. Asubuhi na mapema, kabla ya kushika jembe, mtu anachota kopo la pumba, anarusha bwawani, anaondoka zake. Jioni anarudia. Mwaka unapita, anavuta wavu, na samaki anaowakuta wanatosha kiganja cha mtoto. Analaumu mbegu. Mara nyingi mbegu haikuwa na kosa. Pumba zilirushwa saa ambayo samaki hawali, hazikuwa na cha kujenga mwili, na nyingi zilizama zikaozea chini. Fedha yake imegeuka tope.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kutengeneza chakula cha samaki nyumbani kwa vitu vinavyopatikana Lukozi na vijiji vya jirani, jinsi ya kukihifadhi kwa jua au kwa friji, na jinsi ya kukitoa. Sehemu ya kutoa ndiyo inayowashinda wengi kuliko ya kuchanganya, kwa hiyo tutaanza na jambo linaloiamua: baridi.

Baridi kwanza

Ufugaji wa samaki si mgeni mkoani Tanga. Majaribio ya mwanzo ya kufuga perege hapa nchini yalifanyika mwaka 1949 Korogwe, chini ya milima yetu, na Malya huko Mwanza. Lakini Korogwe ni joto. Maelekezo mengi ya kulisha perege na sato yameandikwa kwa ajili ya maji ya joto. Ukiyachukua kama yalivyo ukayapandisha Lukozi, yatakupotosha.

Samaki hana joto lake mwenyewe kama ng'ombe au kuku. Mwili wake unafuata joto la maji. Perege na sato hukua vizuri zaidi maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30. Yakishuka chini ya 20 wanakula kidogo tu. Yakikaribia 16 wanaacha kula kabisa, na yakishuka hadi 10 au 12 wanaanza kufa. Kambale naye anapenda maji ya joto, ingawa anavumilia maji machafu kwa sababu anaweza kuja juu akavuta hewa.

Sasa fikiria bwawa la Lukozi mwezi Julai, ukungu umetanda hadi saa nne asubuhi. Samaki wako hana hamu ya chakula, na hata akimeza kidogo, tumbo lake linasaga polepole sana. Ukimrushia kiasi kile kile anachokula mwenzake wa Mombo, sehemu kubwa itabaki chini. Inapooza hutumia oksijeni ya maji na kutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki.

Ndiyo maana kifaa cha kwanza cha mfugaji wa milimani ni kipimajoto. Hata cha bei ndogo kinatosha, kifungwe uzi kisije kikapotea. Kipime saa mbili asubuhi na tena saa tisa alasiri, kwa kina cha kiwiko, na uandike. Baada ya wiki mbili utalijua bwawa lako kuliko mtaalamu yeyote atakayekuja kulitazama.

Kuna kosa moja la ujenzi ambalo hakuna chakula kitakacholirekebisha. Wengi wetu tunaacha maji ya kijito yaingie upande mmoja na kutoka mwingine usiku na mchana, tukiamini maji yanayotembea ni mazuri. Kwa mboga, sawa. Kwa perege, maji hayo yanaleta baridi kila saa na kuondoa ule ukijani ambao ni chakula cha bure. Ingiza maji ya kufidia yaliyopungua tu, kisha funga. Bwawa lililo wazi kwa jua, lenye maji yaliyotulia, hupata joto zaidi mchana kuliko bwawa lenye kivuli cha migomba na maji yanayopita.

Chakula cha bure kabla ya cha kununua

Ukijani wa maji ni mimea midogo isiyoonekana mmoja mmoja kwa macho. Perege na sato wanaila, pamoja na wadudu wadogo wanaoishi humo. Hupatikana kwa kuweka samadi iliyooza ya ng'ombe, mbuzi au kuku ndani ya gunia lililofungwa na kuegeshwa kwenye kona ya bwawa, virutubisho vitoke taratibu. Kipimo ni mkono wako. Uzamishe hadi kiwiko, kiganja kikiwa wazi. Ukikiona vizuri, maji yana njaa, ongeza samadi. Usipokiona kabisa, usiongeze. Maji ya kijani kibichi ni mazuri. Yakigeuka kahawia na kunuka, toa gunia na ubadilishe sehemu ya maji.

Bwawa lenye ukijani wa kutosha linakupunguzia mfuko. Chakula unachotengeneza kinakuja kuongezea, hakibebi mzigo wote.

Kinachojenga mwili

Kinachojenga nyama ya samaki ni protini. Perege mdogo, yule wa ukubwa wa kidole, anahitaji chakula chenye protini asilimia 35 au zaidi. Akishafika gramu 50 na kuendelea, asilimia 25 hadi 30 inamtosha, hasa kama maji ni ya kijani. Kambale anataka zaidi ya hapo maisha yake yote, kwa sababu kwa asili ni mla nyama.

Pumba za mahindi zina protini kama asilimia 10 tu. Anayelisha pumba peke yake anampa samaki nguvu za kuogelea bila matofali ya kujengea. Mashudu ya alizeti yana kama 28, ingawa yenye maganda mengi huwa chini ya hapo. Maharage yana kama 22. Soya inapita 35. Dagaa wakavu wasio na mchanga wana 55 na zaidi, na hao ndio nguzo ya chakula kizuri cha nyumbani.

Hapa kuna hesabu rahisi ya kuchanganya vitu viwili. Tuseme una dagaa wenye 55 na pumba zenye 10, na unataka 28. Toa 10 kwenye 28, unapata 18. Hiyo ni sehemu ya dagaa. Toa 28 kwenye 55, unapata 27. Hiyo ni sehemu ya pumba. Kwa hiyo kila sehemu 18 za dagaa zinaenda na sehemu 27 za pumba. Katika kilo 10 ni dagaa kilo 4 na pumba kilo 6. Njia hiyo inafaa kwa vitu vyovyote viwili, mradi unajua protini ya kila kimoja.

Dagaa ni ghali, kwa hiyo tunaweka mashudu katikati. Kwa perege waliokwisha kufika gramu 50, mchanganyiko wa kilo 10 unaweza kuwa hivi: dagaa kilo 2, mashudu ya alizeti kilo 3 na nusu, pumba za mahindi kilo 4, na nusu kilo ya kitu cha kushikisha pamoja na vitamini. Ukipiga hesabu unapata protini karibu asilimia 25. Kwa vifaranga, dagaa wapande hadi kilo 4, pumba zishuke hadi kilo 2, mashudu yabaki pale pale. Inakuja karibu asilimia 34.

Neno moja kuhusu dagaa. Kama nyumbani kuna mtoto mdogo na dagaa ni wachache, wazuri wapikieni mtoto. Dagaa wa samaki ni wale waliovunjika, vichwa na chenga, wanaouzwa kwa bei ya chini kwa ajili ya kuku. Wapepete kwanza. Fungu linaloonekana zito kwa bei rahisi mara nyingi lina mchanga, na mchanga hauna protini.

Vya kupika kabla ya kuchanganya

Soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini. Ichemshe au ikaange hadi ibadilike rangi na kunukia, ndipo isagwe. Maharage vilevile. Huku kwetu mavuno ya maharage yanaacha yaliyopasuka na yaliyosinyaa ambayo hayauziki, na ni chakula kizuri cha samaki, lakini yakiwa mabichi yana sumu. Yachemshe hadi yaive kama ya kula mwenyewe. Kisamvu na majani ya magimbi nayo yachemshwe, maji yamwagwe.

Cha kushikisha, vitabu vinasema unga wa muhogo uliopikwa uji mzito. Lukozi muhogo hauji wenyewe, viazi mviringo vipo tele. Vile vidogo vinavyobaki baada ya kupanga magunia, vichemshe, viponde, vichanganye. Vinashikisha vizuri sana. Vilivyogeuka kijani au kuchipua viache, vina sumu yake. Kumbuka kiazi ni maji matupu karibu asilimia 80, kwa hiyo nusu kilo ya unga wa muhogo nafasi yake ni viazi vibichi kilo 2 na zaidi.

Damu kutoka machinjioni, ikichemshwa ikaganda, ikakaushwa na kusagwa, ina protini nyingi kuliko hata dagaa. Wengine hawaitaki kwa sababu za dini, na hawapungukiwi kitu. Dagaa na soya vinatosha. Nyungunyungu waliojaa kwenye udongo wetu wenye unyevu, na kumbikumbi wanaporuka wakati wa mvua, ni protini ya bure kabisa. Wakate vipande vidogo kwa ajili ya vifaranga.

Kabichi la sokoni linaweza kuua bwawa zima

Hapa tunaomba usome polepole.

Lukozi ni nchi ya mboga. Kabichi, karoti, nyanya, hoho na viazi hujazwa kwenye malori kwenda Dar es Salaam, na kila siku ya soko majani ya nje ya kabichi hubaki rundo. Perege anakula majani laini. Ni rahisi kuona rundo lile kama chakula cha bure.

Majani ya nje ya kabichi ndiyo yaliyopokea dawa nyingi zaidi shambani. Wadudu wa kabichi ni wasumbufu, na wengi wetu tunapiga dawa mara kwa mara, wakati mwingine hadi wiki ya kuvuna. Tazama lebo ya chupa ya dawa yako. Jina la kiambato likiishia na herufi "thrin", hiyo ni ya kundi ambalo ni kali mno kwa samaki. Kiasi kidogo sana ambacho hakimdhuru mtu anayekula kachumbari kinaweza kuua samaki wa bwawa zima kwa usiku mmoja. Kuosha majani kunapunguza, hakuondoi yote. Kuchemsha nako si tiba.

Kwa hiyo msimamo wetu ni mkali: usilishe samaki jani lolote ambalo hujui historia yake. Tenga tuta moja dogo karibu na nyumba lisilopigwa dawa kabisa, upande mchicha, matembele, au majani ya maboga. Hilo liwe la samaki, na la jikoni pia ukipenda.

Bomba la kupulizia dawa lisioshwe kwenye kijito kinacholisha bwawa lako au la jirani wa chini. Na samaki wakifa ghafla kwa wingi siku moja baada ya mvua kubwa au baada ya shamba la juu kupigwa dawa, msiwale na msiwauze. Wafukieni, na mmwite afisa ugani.

Kuchanganya na kukausha

Vitu vyote vikavu visagwe unga laini. Mashine ya kusaga nafaka inafaa, lakini mwambie mwenye mashine mapema; dagaa huacha harufu, na hakuna anayetaka kula ugali wenye harufu hiyo. Kinu na mchi vinatosha kwa kilo chache. Chekecha. Samaki mdogo hawezi kumeza chenga, ataitema na itazama.

Changanya vikavu kwanza hadi rangi iwe moja, ndipo uongeze viazi vilivyopondwa au uji wa muhogo vikiwa vuguvugu, kidogo kidogo, ukikanda kama unga wa chapati. Mchanganyiko wa vitamini na madini unaouzwa kwenye maduka ya pembejeo za mifugo uwekwe mwishoni, donge likiwa limepoa, maana moto unaharibu vitamini. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Jaribio la donge zuri: tengeneza kidonge cha ukubwa wa punje ya mahindi, kitumbukize kwenye glasi ya maji. Kikikaa dakika 10 bila kusambaratika, umeshikisha vizuri. Kikivunjika papo hapo, ongeza viazi. Kisha pitisha donge kwenye mashine ya mkono ya kusagia nyama. Linatoka kama tambi, unalikatakata likikauka. Asiye na mashine atoboe matundu chini ya kopo gumu na akandamize kwa kipande cha mti.

Chakula hiki kinazama. Kile cha dukani kinachoelea kinatengenezwa kwa mashine kubwa zenye joto na mgandamizo, usijisumbue kukiiga.

Kukausha ndiyo kazi ngumu huku juu. Tandaza tabaka jembamba juu ya turubai au chekeche iliyoinuliwa, hewa ipite chini, na ugeuze mara kwa mara. Kimekauka pale kipande kinapovunjika kwa mlio. Kikipinda, bado. Kuanzia Juni hadi Agosti, na siku za masika, usitengeneze cha mwezi mzima. Tengeneza cha wiki moja na ukimalizie jikoni, mahali pakavu palipo juu ya joto la jiko.

Sababu ya kusisitiza ni ukungu. Chakula kilichohifadhiwa na unyevu huota fangasi wanaotoa sumukuvu, ileile iliyoua watu mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Samaki naye inamharibu ini, anadumaa. Sumukuvu haiondoki kwa kupika, kuanika upya wala kugandisha. Pumba zenye harufu ya uvundo na mashudu yenye unga wa kijani au mweusi visiingie kwenye mchanganyiko hata kama umevilipia. Tunajua inauma.

Kwa wenye friji

Umeme umefika vijiji vingi, na wapo wenye friji ya kugandisha barafu za watoto au kuhifadhi nyama. Friji inafungua njia ya pili ya kuhifadhi, nzuri hasa kwa vifaranga na kwa mzazi unayemlisha vizuri ili atage.

Njia hii imeendelezwa sana na watu wanaofuga samaki wa baharini wa matumbawe kwenye matangi ya kioo sebuleni. Wanasaga uduvi, ngisi, samaki na mwani, wanagandisha bapa jembamba, na kila siku wanavunja kipande. Wana kanuni moja ambayo sisi wa mabwawa tunapaswa kuiazima: wanaogopa chakula kilichobaki kuliko wanavyoogopa samaki kulala njaa. Tangi lao ni dogo, na uchafu wa chakula ukizidi matumbawe yanakufa. Bwawa letu lina nafasi zaidi ya kuvumilia makosa, lakini kinachotokea ndani ya maji ni kilekile.

Kwa vifaranga wa perege au kambale, loweka dagaa wakavu nusu kilo hadi walainike, uwachemshe kwa muda mfupi. Chemsha robo kilo ya mchicha wa tuta lako, ukamue maji. Saga vyote pamoja laini. Ongeza mayai mawili na viazi vilivyopondwa vya kujaza kikombe kimoja, kisha upike kwa mvuke, sufuria ndani ya sufuria, hadi yai lishike. Pamoja na yai na viazi donge linakuwa kama keki laini ambayo haitoki vumbi ndani ya maji.

Likipoa kabisa, tia vitamini, gawanya kwenye mifuko ya plastiki safi inayofaa kwa chakula, na ubonyeze kila mfuko uwe bapa, unene kama wa chapati mbili. Kwa mgongo wa kisu, juu ya plastiki, chora mistari ya miraba kama karatasi ya hesabu. Gandisha ikiwa imelala. Kila mraba ni mlo mmoja, unauvunja bila kuyeyusha mfuko mzima. Andika tarehe. Tumia ndani ya miezi 2, kwa sababu mafuta ya dagaa huchacha hata ndani ya barafu, taratibu lakini kwa hakika.

Unapolisha, tia mraba kwenye kikombe chenye maji kidogo ya bwawa hadi ulainike. Yale maji ya mawingu yanayobaki mwagia mboga. Samaki hawezi kuyala, yakiingia bwawani yanawalisha bakteria tu.

Umeme ukikatika usiku mzima na mifuko ikalegea, lisha siku hiyo kiasi wanachoweza kula, kinachobaki wape kuku au fukia. Usigandishe tena. Barafu haiui vijidudu, inavisimamisha tu. Na kwa kuwa friji ni ya familia, mifuko hii ikae ndani ya chombo chenye mfuniko, chini ya vyakula vingine, isije ikadondosha maji juu ya maziwa ya mtoto.

Nani anatoa, saa ngapi, kiasi gani

Saa mbili asubuhi haifai. Maji ya bwawa ni ya baridi zaidi alfajiri, na oksijeni iko chini, kwa sababu usiku ile mimea ya kijani nayo inavuta hewa. Lisha kati ya saa nane na saa kumi alasiri, na siku za jua unaweza kuongeza mlo wa saa tano. Kwa sababu saa hizo watu wengi wako shambani, mpangie kazi mtu mmoja anayebaki nyumbani. Wakilisha wawili kila mmoja bila kumwambia mwenzake, samaki wanalishwa mara mbili na bwawa linaharibika.

Kiasi kinatokana na uzito. Vua samaki 20 kwa wavu, wapime kwenye ndoo yenye maji uliyokwisha kuipima, gawanya kwa 20. Tuseme wastani ni gramu 50 na bwawani wamo 400. Hao ni kilo 20. Maji yakiwa nyuzi 25, wape asilimia 4 ya uzito huo, yaani gramu 800 za chakula kikavu kwa siku. Maji yakiwa 20, nusu yake, gramu 400. Yakiwa chini ya 18, konzi mbili tatu siku moja baada ya nyingine. Yakifika 16, usilishe. Hata wiki nzima samaki mkubwa atavumilia, na atakuwa salama kuliko akiwa juu ya chakula kinachooza. Samaki wanapokua, asilimia inashuka: wa gramu 200 anahitaji kama 2. Chakula kilichogandishwa kina maji zaidi ya nusu, kwa hiyo uzito wake usiulinganishe na wa kikavu.

Kwa sababu chakula chetu kinazama, tengeneza sinia la kulishia. Chukua ungo uliochakaa au fremu ya miti yenye chandarua safi kisichotiwa dawa, ufunge kamba pembe nne na jiwe dogo katikati, ushushe kama nusu mita chini ya maji, mahali pale pale kila siku. Weka chakula juu yake. Inua baada ya nusu saa. Sinia likiwa tupu siku tatu mfululizo, ongeza kidogo. Kikibaki, kesho punguza kwa kiasi kilichobaki. Vyandarua vya kitandani vya siku hizi vimetiwa dawa ya wadudu ya lile lile kundi la "thrin", na kimoja kikizama bwawani kinaweza kufanya kazi ya bomba la dawa.

Ukiona alfajiri samaki wote wako juu wakitweta kwa midomo, acha kulisha siku hiyo, ingiza maji mapya kutoka juu yakianguka kwa kishindo, na toa gunia la samadi. Ukiona wanakimbilia sinia kabla halijazama, uko sawa.

Vifaranga bora na ushauri vinapatikana kwenye vituo vya serikali vya ukuzaji viumbe maji, kama kile cha Kingolwira mkoani Morogoro, na kwa afisa uvuvi wa halmashauri. Mnaponunua, ombeni wa dume pekee, ili wasizaliane bwawani wakajazana na kunyang'anyana chakula mlichokitolea jasho.

Siku moja kabla ya kuvua, usilishe kabisa. Utumbo ukiwa mtupu, samaki hachachi haraka njiani, na mnunuzi akimpasua hakuti pumba tumboni.